Daftari kwa Daftari: Jinsi ya Kuzipima Siku za Nyanya na Zako

Katika nyumba nyingi za Njoro, Molo, Bahati na Subukia liko daftari ambalo mwenyewe hakuwahi kuliita shajara. Pengine ni dayari ambayo kampuni iliwagawia wateja mwisho wa mwaka. Pengine ni daftari la shule ambalo mtoto aliliacha na kurasa tupu, jedwali la kuzidisha likiwa kwenye jalada la nyuma. Pengine ni kalenda ya kanisa iliyotundikwa ukutani, kila mraba umeandikwa kitu kwa penseli. Humo nyanya alitia siku ng'ombe alipopandishwa, madebe aliyovuna, aliyemkopesha, mchango wa matanga na siku mvua ilipoanza. Wapo waliojifunza kuandika wakiwa wadogo, na wapo waliojifunza wakiwa na wajukuu, kwenye masomo ya ngumbaru yaliyoenea nchini serikali ilipoanzisha kampeni ya kufuta ujinga mwaka 1979.

Daftari hilo likikufikia, utatamani kulisoma ukijipima: yeye alifanya kazi hivi, mimi nafanya vile, yeye aliishi na watu, mimi naishi na simu. Jizuie kidogo. Yeye aliandika ya siku ile jioni ileile, nawe unakumbuka mwaka mzima kwa jinsi unavyojisikia leo. Vitu viwili hivyo havipimiki kwa mizani moja. Kanuni ya mwongozo huu ni moja: linganisha daftari na daftari. Maana yake ni kwamba kabla ya kusema lolote juu ya maisha yake na yako, itakubidi nawe uandike.

Liokoe kwanza

Daftari lililokaa stoo pamoja na mahindi na mbolea limeshapambana na panya, moshi na unyevu. Usilianike juani, kwa sababu jua hufifisha wino na kukunja karatasi. Liache kivulini penye hewa hadi likauke, kisha lipanguse kwa brashi laini. Kurasa zilizoshikana usizivute kwa nguvu. Pini na stepo zenye kutu zitoe polepole, maana kutu hula karatasi. Palipochanika usibandike seloteipu: gundi yake hugeuka kahawia na ukurasa ukaharibika zaidi. Na mtu asikushawishi ukalilaminishe mjini.

Halafu lipige picha ukurasa kwa ukurasa, karibu na dirisha, bila flashi. Usiruke jalada wala kurasa tupu. Risiti, kadi ya kliniki au stakabadhi ya pareto iliyochomekwa ndani ipigwe picha ikiwa palepale kabla hujaigusa. Mara nyingi mahali ilipochomekwa ndipo panapokuambia inahusu nini. Tia namba za kurasa kwa penseli pembeni, hifadhi picha mahali pawili, na daftari lenyewe uliweke kwenye bahasha ya karatasi ndani ya boksi. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani.

Soma saa, vipimo na pesa zake

Chukua mstari wa mfano, wa aina unayoweza kuikuta kwenye daftari la mkulima wa pareto pande za Molo:

*J'nne. Maziwa g 2. Pareto debe 3. Mvua saa 8. Jirani wa juu 5/-, J'mosi. Mtoto kikohozi.*

Ni siku nzima hiyo. Ukiisoma haraka, utaielewa nusu.

Anza na saa. Saa 8 hapa ni saa nane mchana, wakati ambao mvua ya Bonde la Ufa hupenda kushuka. Lakini mwanamke aliyefanya kazi kwenye shamba la mzungu au hospitalini huenda alitumia saa za Kiingereza. Tafuta mstari usio na utata ukupe jibu: akiandika kwamba alikamua saa 10 alfajiri, basi anahesabu kama sisi.

Kisha vipimo. Galoni 2 ni kama lita 9. Nchi ilihamia kilo na lita mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini mikono na midomo haikuhama siku moja, kwa hiyo utakuta galoni na ratili hata baadaye. Debe ni lile la mafuta ya taa, galoni 4, yaani lita 18 hivi. Gunia la zamani lilikuwa ratili 200, na ndiyo maana hadi leo gunia la mahindi huhesabiwa kuwa kilo 90. Akitaja chombo cha nyumbani, kikombe au chupa fulani, na chombo chenyewe bado kipo, kijaze maji uyapime. Usikisie.

Madebe matatu ya pareto nayo yasikudanganye. Maua mabichi yakikaushwa hupoteza sehemu kubwa ya uzito, na mkulima alilipwa kwa maua makavu, bei ikitegemea kiasi cha dawa iliyomo kwenye maua. Ndiyo sababu uzito uleule unaweza kuonekana na malipo tofauti kwenye kurasa mbili bila nyanya kuwa amekosea hesabu.

Pesa: 5/- ni shilingi tano, 5/50 ni shilingi tano na thumuni. Akitaja pauni katika hesabu za miaka ya 1970, ni shilingi 20. Shilingi ya Kenya ilichukua nafasi ya shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1966 kwa thamani ileile, kwa hiyo usitafute mruko wa bei mwaka huo kwa sababu ya sarafu mpya.

Mwisho, majina ya mahali na ofisi. Thomson's Falls ni Nyahururu. KFA ni chama cha wakulima chenye makao Nakuru, kilichoanzishwa na walowezi mwaka 1923. Huko ndiko watu walikonunua mbegu na mbolea. KCC, ya maziwa, ilianzia Naivasha mwaka 1925. "Bodi" peke yake ina utata: yaweza kuwa Bodi ya Pareto, iliyokuwa na kiwanda papa hapa Nakuru, au bodi ya mahindi. Angalia alichopeleka siku hiyo.

Tafuta mwaka

Wengi waliandika siku na tarehe bila mwaka, kwa sababu mwaka kila mtu aliujua. Kalenda itakusaidia. Tuseme ukurasa unasema "Jumapili, 1 Agosti". Tarehe hiyo iliangukia Jumapili mwaka 1965, 1971, 1976, 1982 na 1993. Sasa soma kurasa za jirani. Kama siku hiyo ameandika kwamba redio ilipiga muziki na matangazo ya wanajeshi, huo ni mwaka 1982, siku ya jaribio la mapinduzi. Kama siku ni Jumanne, 22 Agosti na anataja kifo cha Mzee Kenyatta, ni 1978.

Alama nyingine ni za nyumbani. Mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka nje yanaelekeza mwaka 1984, wakati wa ukame. Mtoto anayefanya mtihani wa CPE alifanya kabla ya mtaala wa 8-4-4, kwa kuwa KCPE, iliyochukua nafasi yake, ilianza mwaka 1985. Maziwa ya bure shuleni ni ya kuanzia mwaka 1979. Ng'ombe naye ni kalenda: hubeba mimba miezi tisa na siku chache, hivyo ukurasa wa kupandishwa na ukurasa wa kuzaa ni lazima zikubaliane. Zisipokubaliana, pengine umeunganisha miaka miwili kimakosa, au ng'ombe alirudia na nyanya hakuandika.

Mwaka uliopata kwa kukisia uandike kwa penseli na alama ya kuuliza. Mjukuu atakayekufuata atakushukuru kwa alama hiyo kuliko kwa uhakika wa bandia.

Muulize kama angalipo

Kama nyanya yu hai, mengi ya hapo juu ni kazi ya nusu saa. Lakini swali la "maisha ya zamani yalikuwaje?" huzaa hotuba, na hotuba hiyo huenda umeshaisikia kila Krismasi. Mpelekee mstari mmoja. "Shosho, huyu jirani wa juu alikuwa nani? Alirudisha Jumamosi kweli?" Swali dogo humrudisha kwenye njia, kwenye lango, kwenye mtu mwenye sura.

Nenda wakati anachambua maharagwe au anabambua mahindi, nawe ushike yako. Mikono ikiwa na kazi, maneno huja bila kusukumwa. Kama unataka kumrekodi kwa simu, mwombe ruhusa. Akisema "hiyo acha", iache. Na usimsahihishe mbele ya watu, hata kama daftari linapingana na anachokumbuka. Andika yote mawili, lake la mdomo na lake la kalamu, kila moja na tarehe yake.

Andika zako kwa mtindo wake

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu kusoma ni rahisi kuliko kuandika. Chagua mwezi uleule ulio kwenye daftari lake. Aprili ya kupanda hailinganishwi na Desemba ya wageni, wala Januari ya karo na mifuko mitupu hailinganishwi na Oktoba ya mavuno. Kama daftari lake lina Aprili, subiri Aprili.

Fuata masharti yake. Andika jioni, siku hiyohiyo. Maneno machache, yasizidi yake. Tia kazi, pesa iliyoingia na kutoka, hali ya hewa, aliyekuja, aliyeugua. Hisia usiziandike, maana yeye hakuziandika. Kwa mwajiriwa wa mjini, mstari waweza kuwa hivi:

*J'nne. Kazini saa 2, matatu 60. Tokeni 200. Meko imeisha. Fuliza 300. Mvua sijui. Mtoto kikohozi.*

Liangalie hilo neno "sijui". Mtu aliyeshinda ofisini barabara ya Kenyatta na kurudi Kiamunyi giza limeingia huenda kweli hajui kama ilinyesha. Usilifiche kwa kuchungulia simu. Limekuambia jambo kuhusu siku yako ambalo usingelikumbuka mwenyewe.

Unaweza kuona kwamba tayari una shajara usiyoiandika: ujumbe wa M-Pesa, ambayo ipo tangu Machi 2007. Omba taarifa ya miezi michache na utashangaa inavyokujua. Itumie kukagua hesabu zako, isiwe mbadala wa daftari. Inajua ulimtumia nani pesa na saa ngapi. Kikohozi cha mtoto haikijui mpaka ununue dawa.

Pima mambo manne

Methali zetu zinavuta pande mbili: moja yasema ya kale ni dhahabu, nyingine yasema mavi ya kale hayanuki. Zote mbili huwa mdomoni kabla daftari halijafunguliwa. Ziweke kando na ufungue madaftari mawili sambamba. Pima mambo manne tu.

*Kazi.* Orodhesha kila kazi iliyoandikwa kwenye wiki yake na kwenye wiki yako. Kisha orodhesha ambazo hazikuandikwa lakini lazima zilifanyika: kupika, kufua, kuteka maji, kutafuta kuni, kuogesha watoto. Yeye hakuziandika kwa sababu zilikuwa za kila siku. Angalia kama nawe umeziruka. Ulinganisho wa haki ni ule unaohesabu pia hizo. Meko ya gesi imeondoa kuni, stima imeondoa kupangusa chemni ya taa, bomba limeondoa safari ya mtoni pale linapotoa maji. Lakini usitangaze kwamba kazi ya nyumbani imekwisha. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Takwimu la Kenya mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake hutumia takriban mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa. Kama wewe ni mwanamume na orodha yako ni fupi, tafuta ni nani anayeibeba sehemu iliyobaki.

*Pesa.* Usilinganishe shilingi na shilingi. Utabaki kushangaa tu jinsi sukari ilivyokuwa rahisi. Linganisha bei na kazi. Chukua hesabu ya mfano: kama alilipwa shilingi 6 kwa siku na kilo ya sukari ilimgharimu shilingi 3, kilo ilikuwa nusu siku ya jasho. Gawanya mshahara wako wa mwezi kwa siku unazofanya kazi, uone kilo ileile inakuchukua dakika ngapi. Fanya hivyo kwa sukari, sabuni, karo, nauli ya kwenda Nakuru na dawa. Utakuta vitu fulani vimekuwa rahisi mno na vingine, hasa kodi ya nyumba na shamba, vimepaa kupita kiasi. Jibu huwa tofauti kwa kila kitu, na utofauti huo ndio unaofaa kuandikwa.

Deni lipewe mstari wake. Jirani wa juu alipewa shilingi tano hadi Jumamosi, na Jumamosi ikipita bila kitu, yaelekea alipewa nafasi hadi avune. Fuliza, mkopo wa M-Pesa uliokuja mwaka 2019, haingoji mavuno. Pesa ikiingia kwenye simu, inakata chake kwanza. Kwa upande mwingine, Fuliza haimsimulii mtu kisimani kwamba unadaiwa. Andika yote mawili: deni lilikuwa kwa nani, lilingoja muda gani, na nani alijua.

*Watu.* Chora mstari chini ya kila mtu na kila kampuni kwenye wiki yake, kisha kwenye yako. Kwake utakutana na jirani, shemeji, mwalimu, mwenye posho mill, mama wa Guild au wa Mothers' Union kanisani. Kwako huenda ukakuta kampuni ya simu, kampuni ya stima, benki, na jina la mtu hapa na pale. Lakini kabla hujasema kwamba umebaki peke yako, hesabu pia kundi la WhatsApp la familia, chama cha Jumapili na simu kwa ndugu aliye Qatar. Nyanya hakuwa na njia ya kumsikia ndugu wa mbali jioni hiyohiyo.

*Mvua.* Hapa daftari lake laweza kuwa na thamani hata nje ya familia. Nakili kila tarehe ya mvua, siku ya kupanda na siku ya kuvuna, mwaka kwa mwaka. Usitoe hukumu kwa mwaka mmoja: Njoro ina mvua yake, Rongai ina yake, na mji wa Nakuru una yake. Mkondo wa miaka kumi ndio unaosema kitu. Pia angalia anachosema juu ya ziwa kama aliishi karibu nalo. Katikati ya miaka ya 1990 Ziwa Nakuru lilikauka karibu lote. Tangu 2010 hivi limepanda, likafunika lango la zamani la mbuga na kuwahamisha watu upande wa Mwariki. Mstari wake mmoja kuhusu ufuo ulipokuwa ni ushahidi.

Kurasa tupu

Daftari la bonde hili huwa na mapengo, na mengi si ya uvivu. Mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari, familia nyingi za Kikuyu zilifukuzwa kutoka mashamba ya walowezi. Molo iliwaka kwa machafuko mwaka 1992, Njoro mapema mwaka 1998, na mwanzoni mwa 2008 watu walilala katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Mtu anayekimbia habebi daftari, akilibeba, haandiki. Na kama kurasa zimekatwa, mwenyewe alikuwa na sababu. Weka alama ya pengo na tarehe zake, usilijaze kwa hadithi ya kubuni.

Unaweza, hata hivyo, kulizunguka. Ofisi ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, magazeti ya zamani na vitabu vya parokia vitakupa tarehe. Vipo pia vya upande wa pili: barua za Nellie Grant, mlowezi wa Njoro, zilichapishwa mwaka 1980 na binti yake, mwandishi Elspeth Huxley. Ni bonde lilelile likitazamwa kutoka barazani kwa mwenye shamba. Zisome kwa ajili ya mvua, bei na nzige, ukijua kwamba mwanamke aliyechuma maua shambani hakuulizwa aliionaje siku hiyo. Na kama unadhani daftari la siku kwa siku haliwezi kufika mbali, kumbuka shajara aliyoandika Gakaara wa Wanjau kwa siri akiwa kizuizini: ilichapishwa kwa Gĩkũyũ na ikapata Tuzo ya Noma mwaka 1984.

Ya kutoa na ya kuficha

Kabla ya kuweka ukurasa kwenye kundi la familia, usome mara mbili. Waliokopa, waliougua, waliozaa nje au waliotajwa kwa hasira wana watoto na wajukuu, na huenda mnaketi nao kanisa moja. Nakala ya kugawa ifichwe majina yao. Nakala kamili ibaki na mtu mmoja au wawili mliokubaliana.

Tahadhari kubwa zaidi ni shamba. Katika miaka ya 1960 na 1970 familia nyingi za Nakuru zilinunua ardhi kupitia skimu za makazi na kampuni za hisa, na malipo yaliandikwa popote palipokuwa na karatasi. Ukikuta tarehe, kiasi na jina la aliyepokea, usilitumie daftari kama fimbo kwenye mabishano ya mjomba na shangazi. Usifute, usiongeze hata nukta. Piga picha, waite wote wanaohusika, na kama kuna kesi, mpe wakili daftari zima ili asome kurasa za kabla na za baada.

Ukimaliza, andika kurasa mbili za matokeo: yaliyokuwa magumu kwake na mepesi kwako, yaliyokuwa mepesi kwake na magumu kwako, na yale ambayo hayakubadilika, kama kikohozi cha mtoto usiku wa Jumanne. Toa nakala kwa kila tawi la familia. Daftari lako liendelee hata baada ya mwezi wa majaribio, na kwenye ukurasa wake wa kwanza andika jina lako, mahali unapoishi, na mwaka kwa tarakimu nne.